Kuimarisha vyuma vya ndani vya injini ya kiwandani ili ibebe nguvu kubwa

Mteja anayefika karakana ya Lubumbashi akitaka Toyota Mark II yake yenye injini ya 1JZ-GTE ifike nguvu za farasi 500, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya pistoni za kufuliwa na biele za kufuliwa, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na krenkshafti (mhimili mkuu unaozunguka). Vyuma hivyo atavihitaji, lakini injini nyingi zinazopasuka baada ya kuongezewa nguvu hazipasuki kwa sababu chuma chake kilikuwa dhaifu. Hupasuka kwa sababu petroli iligonga (iliwaka yenyewe kabla ya wakati) ndani ya silinda, au oili haikufika kwenye beringi, au mtu aliyeziunganisha alikisia pale alipotakiwa kupima. Pistoni na biele za gharama kubwa humpa fundi nafasi zaidi kabla ya madhara kutokea, ila hazimwondolei wajibu wa kupima, na fedha ya kwanza ya kazi hii inastahili kwenda kwa mkerezaji wa vyuma kabla haijaenda kwa muuzaji wa vipuri.

Mfano mkuu katika mwongozo huu ni 1JZ-GTE, kwa kuwa fundi wa hapa huikuta mara kwa mara katika magari ya Kijapani ya mtumba yanayoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ni injini ya silinda sita kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,492, kipenyo cha silinda cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 71.5. Bloku yake, yaani mwili wenye silinda, ni ya chuma cha kusubu (cha kumiminwa), hedi yake, yaani kifuniko cha juu chenye vali, ni ya alumini, na kiwanda kiliitangaza kuwa na farasi 280. Mambo mengi yatakayoelezwa yanafaa kwa injini nyingine za petroli pia, mradi vipimo vichukuliwe kwenye kitabu cha injini husika.

Kinachovunja ni nini hasa

Biele, ambayo wengine huiita konrodi, hushambuliwa na nguvu za aina mbili zisizofanana. Ya kwanza ni shinikizo la gesi inayoungua, ambalo huisukuma biele chini na kutaka kuipinda. Ya pili ni uzito wa pistoni yenyewe inapofika juu na kulazimishwa kugeuka na kushuka, ambao huivuta biele na kutaka kuzikata boliti zake. Nguvu ya kwanza hukua kwa kadiri ya toki, yaani nguvu ya kuzungusha. Nguvu ya pili hukua kwa kadiri ya kasi ya mzunguko, tena kwa kipeo cha pili: injini inayopandishwa kutoka mizunguko 7,000 hadi 8,000 kwa dakika huongeza mvuto huo kwa takriban asilimia 31, ingawa kasi imeongezeka kwa asilimia 14 tu.

Hesabu moja inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Tuchukulie kwamba pistoni, pini yake, ringi zake na sehemu ya juu ya biele vina uzito wa nusu kilo kwa jumla. Katika injini yenye mwendo wa milimita 71.5 inayozunguka mara 7,000 kwa dakika, nusu kilo hiyo huivuta biele kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja na robo, na hufanya hivyo kila krenkshafti inapomaliza mzunguko mmoja. Boliti mbili ndogo ndizo zinazobeba mzigo huo, na ndiyo maana boliti za biele hazirudiwi kamwe katika injini ya nguvu, hata zikionekana mpya.

Kutokana na hayo, amua kwanza nguvu utaipata wapi. Farasi ni toki kwa Nm ikizidishwa kwa mizunguko ya dakika, kisha kugawanywa kwa 7,120 hivi. Farasi 500 katika mizunguko 6,500 zinahitaji toki ya Nm 548, lakini farasi hizo hizo zikitakiwa katika mizunguko 4,000 zitadai Nm 890, yaani shinikizo kubwa sana ndani ya silinda wakati injini bado iko chini. Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi na kuisukumia injini hewa zaidi, ikiwa ndogo na kujaa mapema inaweza kupinda biele ambayo turbo kubwa, kwa farasi zile zile, isingeigusa. Kwa 1JZ-GTE nzima yenye vyuma vya kiwandani, wajenzi wengi husimama karibu na farasi 400 hadi 450. Juu ya hapo, kila kosa la petroli au la seti ya kompyuta ya injini hulipwa papo hapo.

Adui mkubwa kuliko nguvu zote mbili ni petroli inayogonga. Mchanganyiko unapowaka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, shinikizo huruka kwa ghafla na mawimbi yake hupiga kichwa cha pistoni na kuta nyembamba zilizo kati ya mifereji ya ringi. Pistoni ya kusubu ni ngumu lakini haina uvumilivu, hivyo ukuta ule humeguka kipande, na kipande hicho hukwaruza silinda nzima. Pistoni ya kufuliwa huchelewa kumeguka, ila nayo humeguka.

Kimo cha mji na usomaji wa geji

Lubumbashi iko kwenye kimo cha takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la karibu kilopaskali 88 badala ya 101. Fundi asiyezingatia jambo hili atadanganywa na geji zake mara mbili.

Mara ya kwanza ni katika kupima mgandamizo. Kabla ya kufungua injini yoyote, ipashe moto, toa plagi zote, fungua kabisa mlango wa hewa, kisha pima silinda moja baada ya nyingine. Ikiwa kitabu kinadai baa 11, injini isiyo na kasoro inaweza kusoma karibu baa 9.5 hapa, na hakuna sababu ya kuihukumu. Linalotakiwa kukutia wasiwasi ni tofauti kati ya silinda na silinda: moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, ifanyie kipimo cha kuvuja kwa hewa ya kompresa na usikilize hewa inatokea wapi. Ikitokea kwenye bomba la moshi, tatizo ni vali ya kutolea. Ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, tatizo ni ringi au pistoni. Mapovu kwenye rejeta huelekeza kwenye gasketi ya hedi.

Mara ya pili ni katika turbo. Shinikizo la baa 1 kwenye geji lina maana kwamba turbo imebana hewa mara 1.99 ikiwa Dar es Salaam, lakini mara 2.14 ikiwa Lubumbashi, kwa hiyo hapa inazunguka kwa kasi zaidi na inatoa hewa yenye joto zaidi, ingawa hewa iliyomo ndani ya silinda ni pungufu. Gari lililosetiwa hapa hadi ukingoni, likishushwa pwani, litapata hewa zaidi kwa karibu asilimia 7 bila mtu kugusa kitu, na hizo ndizo asilimia zinazoweza kuvunja pistoni. Anayejua kwamba gari lake litasafiri na aache pengo la kutosha tangu mwanzo.

Bloku kwa mkerezaji

Mji huu una bahati moja ambayo wapenzi wa magari huisahau: kazi ya kukereza vyuma imekuwapo hapa muda mrefu kwa sababu ya migodi na reli, na wapo wakerezaji, turneri kama tunavyowaita, waliozoea kupima kwa sehemu ya mia ya milimita vyuma vikubwa kuliko injini yoyote ya gari. Mtafute mmoja wa namna hiyo, kaa naye, na mwambie kwa maandishi kila kipimo unachokitaka. Usimpelekee bloku ukamwambia aichonge tu.

Bloku ioshwe kwanza, vizibo vya mifereji ya oili na ya maji vitolewe, na mifereji yenyewe isuguliwe kwa brashi ndefu. Ufa utafutwe kabla ya kulipa fedha ya kuchonga. Sehemu za chuma, yaani bloku, krenkshafti na biele, huchunguzwa kwa sumaku na unga wa chuma. Hedi ya alumini huchunguzwa kwa rangi ya kupenya, dawa ambayo hutumika pia kukagua mitambo ya migodini. Asiye na vyote viwili anaweza kupaka mafuta ya taa, kuacha yapenye, kupangusa mpaka pakauke kabisa, halafu kunyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatachora mstari mweusi juu ya unga. Njia hiyo ni ya zamani na haioni nyufa zote, lakini imeokoa watu wengi hasara.

Silinda zichongwe kulingana na pistoni ulizozishika mkononi, wala si kulingana na kile kilichoandikwa kwenye sanduku. Kipimo cha kawaida cha kuongeza ni nusu milimita, kutoka 86.0 hadi 86.5. Wakati wa kumalizia kwa mawe ya kuhoni (ya kulainisha ukuta wa silinda), bloku ifungiwe bamba nene la chuma lenye matundu ya silinda, likazwe kwa stadi (vyuma vyenye nyuzi vya kufungia hedi) zile zile, gasketi ya aina ile ile na toki ile ile itakayotumika kwenye hedi. Sababu yake ni kwamba stadi zikikazwa huvuta bloku, na silinda iliyokuwa duara kamili juu ya meza huwa na umbo la yai mara hedi inapofungwa. Karakana nyingi hazina bamba la 1JZ, lakini mkerezaji mwenye kipande cha chuma cha unene wa milimita 50 anaweza kulitengeneza, na litatumika kwa injini zote zitakazofuata. Jambo jingine la hapa kwetu: umeme ukikatika wakati jiwe liko ndani ya silinda, alama hubaki pale liliposimama. Mwombe afanye pasi ya mwisho akiwa na jenereta, au apime upya silinda hiyo kabla ya kuendelea.

Uso wa juu wa bloku na wa hedi uwe bapa: weka rula ya chuma na ujaribu kupitisha fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 mahali popote. Ikipita, uso usawazishwe. Gasketi ya tabaka za chuma, ambayo ndiyo inayofaa kwa shinikizo kubwa, inataka uso laini sana. Uso uliochongwa kwa ukali, ambao gasketi ya kawaida ingeukubali, utavujisha maji.

Krenkshafti na biele

Krenkshafti ya 1JZ-GTE si mahali pa kutumia fedha nyingi. Injini ya silinda sita kwa mstari ina mizani nzuri ya asili, na krenkshafti ya kiwandani hutosha kwa nguvu nyingi kuliko mwenye gari wa kawaida anavyoweza kuzitumia. Ichunguze ufa, pima kila shingo (sehemu inayozunguka ndani ya beringi) katika pande nne, ing'arishe, na isawazishwe pamoja na gurudumu la nguvu, kifuniko cha klachi na puli ya mbele. Puli hiyo ina mpira ndani yake kwa kazi maalumu ya kumeza mtikisiko wa msokoto unaotembea kwenye krenkshafti ndefu, na mpira wa miaka thelathini huwa umekufa. Wanaoibadilisha kwa puli ya alumini isiyo na mpira ili kupunguza uzito hupeleka mtikisiko huo moja kwa moja kwenye gia za pampu ya oili, ambayo kwenye injini hii huzungushwa na krenkshafti yenyewe. Gia zikipasuka, oili huondoka, na injini huondoka nayo.

Biele za kufuliwa za chuma cha daraja la 4340 huuzwa kwa maumbo mawili makuu ya mkato wake, H na I. Mabishano kuhusu umbo lipi ni bora hayana faida kubwa kwa mjenzi wa farasi 500. Ubora wa chuma, wa uchongaji na wa boliti ndio unaoamua, na soko limejaa biele za bei ndogo zenye nembo za kuiga. Mara zinapofika, zipime zote. Shimo kubwa liwe duara kamili boliti zikiwa zimekazwa, urefu uwe sawa, na uzito wa biele zote utofautiane kwa gramu moja au mbili tu. Ncha kubwa ipimwe peke yake na ncha ndogo peke yake, kwa sababu moja huzunguka na nyingine hupanda na kushuka, na biele mbili zenye jumla sawa zinaweza bado kutolingana.

Mwenye bajeti ndogo anaweza kubaki na biele za kiwandani na kubadilisha boliti tu kwa boliti bora. Wengi hufanya hivyo kwa haraka na kusahau kwamba boliti mpya, kwa kuwa inakaza kwa nguvu tofauti, hubadilisha umbo la shimo kubwa. Shimo hilo lazima lirudishwe kwenye duara na mkerezaji baada ya boliti mpya kukazwa. Hatua hiyo isipofanyika, beringi mpya itabanwa upande mmoja na kuungua ndani ya muda mfupi, na lawama itaangukia oili.

Boliti za biele hukazwa kwa kipimo cha kurefuka, si kwa spana ya toki peke yake. Pima urefu wa boliti ikiwa huru, ikaze, pima tena. Tofauti ilingane na ile iliyotajwa na mtengenezaji. Spana ya toki hupima pia msuguano wa nyuzi, na msuguano hubadilika kulingana na grisi iliyopakwa, kwa hiyo boliti mbili zenye toki moja zinaweza kuwa na mvuto tofauti kabisa.

Pistoni na ringi

Pistoni za kufuliwa hutengenezwa kwa aloi mbili zinazojulikana zaidi. Ya 4032 ina silikoni ya karibu asilimia 12, hupanuka kidogo na hukaa kimya injini ikiwa baridi. Ya 2618 ina silikoni ndogo sana, hupanuka zaidi, huvumilia mapigo zaidi, na hutoa sauti ya kugongagonga asubuhi mpaka injini ipate joto. Kwa gari la kila siku linalolenga farasi 450 hivi, 4032 inatosha na haichoshi. Kwa turbo kubwa, na hasa kwa petroli ya mji ambao petroli ya vidumu inayouzwa kando ya barabara ni sehemu ya maisha, 2618 ndiyo chaguo langu.

Nafasi kati ya pistoni na silinda hufuata aloi. Kwa kipenyo cha milimita 86, pistoni ya 4032 huweza kuhitaji takriban milimita 0.05 hadi 0.07, na ya 2618 yenye turbo takriban 0.08 hadi 0.10, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho, na humo pia imeandikwa pistoni ipimwe katika kimo gani cha sketi yake, yaani sehemu yake ya chini. Pistoni haina kipenyo kimoja. Ukiipima sentimita moja juu zaidi ya mahali palipotajwa, utapata jibu jingine.

Ringi zinastahili subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Ringi inapopata joto hurefuka, na ncha zake husogeleana. Zikigusana, ringi haina pa kwenda, hubana ukuta wa silinda, na kuta za mifereji ya pistoni hung'oka. Ukifungua injini kama hiyo utaziona ncha za ringi ziking'aa kama kioo mahali zilipogongana. Kwa turbo ya barabarani, kadiria milimita 0.005 ya nafasi kwa kila milimita moja ya kipenyo, yaani karibu 0.43 kwa silinda ya 86, na uongeze hadi 0.50 kama shinikizo litakuwa kubwa. Ringi ya pili ipewe nafasi kubwa kidogo kuliko ya kwanza, ili gesi iliyovuka ya kwanza ipate njia ya kutoka bila kuinyanyua.

Utaratibu wake ni huu. Ingiza ringi ndani ya silinda itakayoishi humo, isukume chini kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae mlalo, kisha pitisha fila geji kati ya ncha zake. Ikiwa nafasi ni ndogo, itoe na uisugue kwa tupa laini upande mmoja tu wa ncha, ukisugua kutoka uso wa nje kuelekea ndani, kwa sababu kusugua kuelekea nje humegua koti la ringi. Ondoa makali yaliyobaki kwa jiwe la mafuta, irudishe, pima tena. Ringi za silinda ya tatu zisichanganywe na za silinda ya nne. Kila seti iwekwe kwenye bahasha yake yenye namba. Kwa injini ya silinda sita kazi hii humaliza siku nzima ikifanywa kwa uaminifu, na fundi anayedai kuimaliza kwa saa moja hajaifanya.

Uwiano wa mgandamizo (ujazo uliopo pistoni ikiwa chini ukigawanywa kwa uliopo ikiwa juu) uhesabiwe sasa, kabla ya kununua gasketi. Katika 1JZ-GTE yenye uwiano wa 8.5, kila silinda ina ujazo wa sentimita za ujazo 415, na chumba cha kuunguzia kina takriban 55.4. Gasketi nene zaidi kwa nusu milimita huongeza chumba hicho kwa takriban 2.9 na kuushusha uwiano hadi karibu 8.1. Wanaotia turbo kwenye 2JZ-GE, ndugu yake ya lita tatu isiyo na turbo, yenye uwiano wa 10, hupenda njia hii kwa sababu ni rahisi, lakini gasketi nene sana huitenga pistoni na uso wa hedi, na mchanganyiko uliobaki pembeni huwa rahisi kugonga. Ni afadhali kushusha uwiano kwa umbo la pistoni. Ikumbukwe pia kwamba 2JZ-GE haina vile vipua vidogo vya kurushia oili chini ya pistoni vilivyomo kwenye 2JZ-GTE ya turbo, hivyo pistoni zake hufanya kazi zikiwa na joto zaidi.

Beringi na oili

Kanuni ya zamani ya nafasi ya beringi bado inafaa: sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo. Shingo ya milimita 52 itapata takriban milimita 0.05, na injini ya turbo inaweza kuongezewa kidogo. Kupima ni kwa maikromita kwenye shingo na geji ya saa ndani ya shimo, beringi ikiwa imefungwa na kukazwa. Uzi wa plastiki unaobanwa na kulinganishwa na karatasi ni wa kuthibitisha, si wa kuamulia. Nafasi ikiongezeka, oili nayo iwe nzito zaidi. Kigezo cha wengi ni baa 0.7 ya shinikizo la oili kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa na joto kamili, nacho ni kizuri kama mwongozo wa haraka.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) itiwe vizuizi vya bati ili oili isikimbilie upande mmoja gari linapokata kona. Pampu iwe mpya. Kwa gari litakalokaa juu ya mizunguko 7,500, gia za pampu zibadilishwe kwa za chuma kigumu. Vumbi jekundu la kiangazi linastahili hofu: lina mchanga mwembamba unaosaga beringi, na kati ya Mei na Septemba linaingia kila mahali. Chumba cha kuunganishia injini kimwagiwe maji sakafuni, milango ifungwe, na vyuma vilivyooshwa vifunikwe kwa mfuko safi wa plastiki hadi zamu yao ifike. Vitambaa vinavyoacha nyuzi visitumike.

Hedi

Stadi bora badala ya boliti za kiwandani, gasketi ya tabaka za chuma, na kukaza kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda nje: hayo yanatosha kuizuia hedi isinyanyuke. Springi za vali husahaulika. Shinikizo la turbo la baa 1 husukuma mgongo wa vali ya kuingizia yenye kipenyo cha milimita 33 kwa nguvu ya karibu kilo 8.7, na nguvu hiyo yote hutolewa kwenye kazi ya springi. Springi iliyochoka itaiacha vali ikielea juu ya kamshafti, na pistoni itaikuta njiani.

Ukibadilisha kamshafti au pistoni, pima nafasi kati ya vali na pistoni kwa udongo laini wa kuchezea watoto: bandika kipande juu ya pistoni, funga hedi na mkanda wa taimingi, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo na upime unene wake mahali palipo pembamba. Chini ya milimita 2 kwa vali ya kuingizia na 2.5 kwa ya kutolea, usiendelee.

Petroli, seti na kuwasha

Kazi yote iliyotangulia hubomolewa kwa dakika moja na kompyuta iliyosetiwa vibaya. Seti ifanywe kwa petroli mbaya kuliko zote ambazo mwenye gari anaweza kulazimika kuitia, si kwa ile nzuri aliyoitafuta siku ya kupima. Kwa shinikizo kamili, mchanganyiko ukae karibu na hewa 11.5 kwa petroli 1, sensa ya oksijeni ya masafa mapana iwe imefungwa moja kwa moja kwenye bomba la moshi, na taimingi ya cheche za plagi ianzie nyuma ikisogezwa mbele kidogo kidogo. Pampu ya petroli na injekta ziwe na ziada. Injekta inayofanya kazi kwa zaidi ya asilimia 85 ya muda wake imefika mwisho.

Kabla ya kuwasha, toa plagi, zima injekta na moto, kisha zungusha injini kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Tumia oili ya madini ya kawaida kwa mwanzo, kwani ringi hukaa vizuri zaidi juu yake. Injini ikishawaka na kuthibitika kwamba haivuji, isiachwe ikinguruma bila mzigo. Ringi hukalia silinda kwa shinikizo la gesi, hivyo gari litoke barabarani, lipandishwe kwa mzigo wa kati, kisha liachwe lishuke kwa breki ya injini, mara kadhaa. Barabara ya kuelekea Likasi inafaa asubuhi na mapema. Turbo isubiri.

Oili ya kwanza imwagwe baada ya nusu saa ya kazi, ya pili baada ya kilomita 500. Kila mara, kata filta kwa kikatio maalumu, si kwa msumeno unaotia vumbi la chuma ndani yake, itandue karatasi yake juani na uitazame. Chembe chache za kijivu ni za kawaida mara ya kwanza. Vipande vinavyong'aa kama shaba ni vya beringi, na vile vya rangi ya fedha visivyovutwa na sumaku huweza kuwa vya pistoni. Vikionekana mara ya pili, sampu ifunguliwe siku hiyo hiyo. Baada ya kilomita 1,000, kwa stadi ambazo mtengenezaji wake anataka zikazwe tena, injini ipoe usiku mzima, kila nati ilegezwe robo mzunguko na kurudishwa kwenye toki yake, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule wa kuanzia katikati. Shinikizo la turbo lipandishwe baada ya hapo.